Sinia Moja, Dozi Thelathini na Nane

1

Pampu ya kaka yangu Maulidi haina adabu. Nimewaambia watu wa Kituo mara nyingi, nao hunijibu kwamba mashine haiwezi kuwa na adabu wala kuikosa, ile ni sauti tu. Haya. Hiyo sauti tu ilisubiri mpaka Mzee Kasanda, baba wa kijana aliyekuja kumposa binti yangu Zamda, anyanyue mikono kuomba dua, ndipo ikatoka tumboni mwa kaka kwa uchangamfu wa mtangazaji wa redio: "Ndugu mtumiaji, je, unakaribia kula?"

Mimi nilikuwa chumba cha wanawake, upande wa pili wa pazia, nagawa kachumbari. Nilisikia dua ikikatika, mtu akikohoa, halafu kaka akisema, "Ndiyo, ndiyo, nyamaza kwanza," kama anamkemea mbuzi.

Mama Kasanda, aliyekuwa ameketi mkabala nami, akainamia sikio langu. "Ana ufunguo, huyo kaka yako?"

"Anao."

"Mashaallah," akasema, na nikaona jinsi alivyotutazama upya, ukoo mzima.

Maana siku hizi ufunguo ni heshima. Pampu zenyewe si ajabu tena hapa Tabora. Zinakaa chini ya ngozi, kando ya kitovu, saizi ya kiberiti, na mara moja kwa mwezi unakwenda kujaziwa insulini kwa sindano. Mimi ninayo tangu ujana. Kisukari kilinikuta mapema, kaka kikamfuata utu uzimani, naye akakipokea kama mgeni asiyealikwa: hakumfukuza, lakini na mkeka hakumtandikia. Kinachotofautisha watu ni nani anayeiamuru pampu. Asiye na ufunguo huitwa mtunzwa. Kituo kinamwamulia dozi kwa mbali, kwa hiyo haruhusiwi kutoka mahali penye mnara. Mwenye ufunguo anajiamulia mwenyewe, na mashine haimbishii. Ndivyo inavyosema Sheria ya Uelewa: mtu mwelewa hapingwi na mashine.

Kaka ni mrina asali. Mizinga yake imetundikwa porini kule nyuma ya Sikonge, ambako hakuna mnara wala dalili ya mnara. Bila ufunguo, kaka hana pori. Na bila pori, kaka ni mzee tu anayekaa barazani kwangu akilalamikia chumvi.

Kwa hiyo alikwenda kuutafuta huo ufunguo, mimi nikasaini kama mdhamini wake, na namna alivyoupata ndiyo inayonitia wazimu mpaka leo. Mtihani ni wa istilahi: dozi ya msingi ni nini, dozi ya chakula ni nini, uwiano wa wanga, kipimo cha marekebisho, na kadhalika. Nilijitolea kumfundisha. Nilimpangia punje za mahindi mezani, nikamchorea tumbo na ini. Alinivumilia kama anayesubiri mvua ipite. Kisha akauchukua ukurasa wa maelezo, akaenda kukaa peke yake, akaupigia mahadhi kwa vidole mezani kwangu na kuughani wote kwa moyo, neno kwa neno, kama tulivyohifadhi sura fupi madrasa tukiwa watoto. Alipata mia kwa mia. Mimi, niliyekuwa nazielewa, siku yangu nilipata themanini na moja.

"Umeona?" aliniambia alipotoka, kofia imekaa upande. "Wewe na mahindi yako."

2

Sasa nieleze jambo la sinia, kwa sababu baadaye nilikuja kulieleza kwa watu waliosoma kunizidi na hawakulielewa.

Siku ya posa, mwenyeji mkubwa hula sinia moja na wageni wakubwa. Siku hiyo walikuwa watano: kaka, Mzee Kasanda na ndugu zake watatu. Kila mtu anakula mbele yake. Mwenyeji ndiye anayezisukuma nyama upande wa wageni, kimyakimya, kana kwamba zimejitembeza zenyewe. Na la muhimu zaidi: mwenyeji haondoi mkono kwenye sinia kabla ya mgeni. Akiondoa mapema, maana yake ni "mmeshiba, ondokeni." Kwa hiyo mwenyeji mwenye malezi hula kidogo sana, lakini mkono wake huwamo mwanzo hadi mwisho, anabinyabinya wali, anaokota zabibu moja, anaongea, mpaka wageni wachoke wenyewe. Kaka ni bingwa wa jambo hilo. Marehemu baba alimfundisha kwa makofi.

Nilisikia sinia likikwanguliwa. Halafu ile sauti.

"Ndugu mtumiaji, umekula kwenye chombo gani?"

"Sinia," kaka akajibu, kwa ile sauti yake ya mbele za watu.

"Sinia la nini?"

"La pilau."

"Mangapi?"

"Moja."

"Limekwisha?"

"Limekwisha, alhamdulillahi."

"Alhamdulillahi," wageni wakaitikia.

"Asante, ndugu mtumiaji. Sinia la pilau ni gramu mia tatu na themanini za wanga. Kwa uwiano wako wa yuniti moja kwa gramu kumi, dozi ya chakula ni yuniti thelathini na nane. Chakula hiki kina mafuta mengi na kitachelewa kuyeyuka, kwa hiyo nusu ya dozi nitaitoa sasa, na nusu nitaitandaza kwa saa tatu. Je, unathibitisha?"

Nilikuwa nimeshika birika la kunawisha. Dozi ya chakula ya kaka, siku aliyojisahau sana, ni yuniti nane. Siku ya Idi, kumi. Mtoto wa darasa la pili akiambiwa jana ulikunywa kikombe na leo unywe ndoo, atauliza kuna nini.

"Kaka, kataa!" nikapaza sauti.

Lakini mle ndani ndugu mmoja wa Mzee Kasanda alikuwa anacheka, "Sikilizeni mashine inavyopiga hesabu!" na kaka, aliyefurahi kusifiwa mashine yake, akasema kwa madaha, "Nathibitisha."

"Imethibitishwa," ikasema pampu.

Niseme kweli, sikuingia. Mwanamke wa nyumba hakurupuki kuingia walipo wanaume siku ya posa ya mwanawe, na Mama Kasanda alikuwa ananitazama usoni. Nilimtuma Zamda asimame kizingitini, ambalo nalo lilikuwa kosa, maana mwali naye haonekani siku hiyo. Akasema kwa aibu, "Mjomba, mama anakuita mara moja."

"Mwambie nakuja. Wageni hawajanawa."

"Anasema ni haraka."

"Zamda, mama yako kila kitu kwake haraka. Wageni hawajanawa."

Wakanawishwa. Nikadhani sasa atatoka. Ikaletwa kahawa. Mwenyeji hanyanyuki kahawa ikiwa inazunguka, sijui nani aliiweka sheria hiyo, ningemjua ningemtukana. Nikamtuma Zamda tena. Kaka akajibu kwa kutikisa mkono. Nikasimama pale nyuma ya pazia nikimsikiliza anaongea, kwa sababu sukari ikishuka maneno ndiyo hutangulia kuharibika, na mwanzoni alikuwa sawa, anasimulia nyuki. Akasimulia nyuki. Akawasimulia tena nyuki walewale. Kisha Mzee Kasanda akauliza kwa upole familia imefikiria nini kuhusu mahari, na kaka yangu, kiongozi wa ukoo, akamgeukia na kusema:

"Samahani, mzee. Wewe ni nani, na unafanya nini nyumbani kwangu?"

Hapo nikalitupa pazia pembeni.

3

Alikuwa ameegemea ukuta, kanzu imemganda mgongoni kwa jasho. Uso ulikuwa na ile rangi ya majivu ninayoijua kwa sababu nimewahi kuivaa mwenyewe.

"Siwema," akaniambia kwa hasira, "watoe hawa watu."

Niliinama nikaongea na tumbo lake. Hapo ndipo tulipofikia, wana wa Adamu. "Sukari yake ngapi?"

"Kihisi kinaonyesha tatu nukta moja," pampu ikasema, "inashuka."

"Mbona husimamishi dozi?"

"Ndugu mtumiaji amekiri gramu mia tatu na themanini za wanga. Wanga uko njiani. Kihisi huweza kukosea. Mtu mwelewa hapingwi na mashine."

"Hauko njiani! Uko kwenye matumbo ya hawa!" Nikawaonyesha kwa kidole wote wanne. Mzee Kasanda akashusha macho akalitazama tumbo lake kwa unyenyekevu, kama mtu aliyekutwa na mali ya wizi.

"Nimeshatoa yuniti kumi na tisa," pampu ikaendelea, maana ukiiuliza moja inakujibu tatu. "Zilizobaki zinatandazwa. Ili kusitisha dozi iliyotandazwa, ndugu mtumiaji ajibu maswali matatu ya uelewa."

"Nitajibu mimi. Uliza."

"Wewe siye mtumiaji."

"Mimi ndiye mdhamini wake. Mimi nina ufunguo wangu. Uliza!"

"Wewe siye mtumiaji," ikarudia, kwa uchangamfu uleule, na ninaapa kama isingekuwa chini ya ngozi ya kaka yangu ningeiponda kwa mchi.

Zamda alikuwa ameshakuja mbio na chupa ya asali. Kaka akaiona akaibana midomo. "Hiyo ya kuuza," akasema kwa meno. "Rudisha." Nikachovya kidole, nikajaribu kumpaka kwenye fizi, akageuza uso, akanisukuma kwa nguvu nisiyoitegemea. Sukari ikishuka mtu mpole anakuwa mbishi, na mbishi anakuwa kaka yangu mara mbili. Asali ingetusaidia, lakini ningekuwa namwaga maji juu ya moto huku mwingine anaendelea kuumwagia mafuta. Lazima ile nusu iliyobaki isitishwe kwanza.

"Kaka, sikiliza. Itakuuliza. Jibu tu."

"Ndugu mtumiaji, swali la kwanza. Dozi ya msingi ni nini?"

Kaka akakunja uso. "Msingi," akasema. "Msingi wa nyumba ya nani?"

"Jibu si sahihi. Umebakiwa na jaribio moja. Likikosekana, maagizo ya mwisho ya mtumiaji yataheshimiwa mpaka yakamilike."

Yataheshimiwa. Walitumia neno hilo. Nikaketi sakafuni kando yake, na nikaogopa waziwazi, mbele ya wakwe na kila mtu. Baba alikufa kwa kisukari. Nikafikiri, kaka atakufa kwa heshima, ya wageni upande mmoja na ya mashine upande mwingine, na hakuna mahali pa kutia akili.

Sinia lilikuwa palepale, tupu, punje mbili tatu za wali zimeganda ukingoni. Sijui nilifikiria au mkono wenyewe ulikwenda. Nikaligeuza, nikalipiga mgongoni kwa vidole, yale mapigo aliyokuwa akijipigia mezani kwangu akihifadhi ule ukurasa, mapigo niliyoyachukia kwa moyo wangu wote. Nikaanza kwa mahadhi yake:

"Dozi ya msingi..."

Macho ya kaka yakafumba. Kichwa chake kikaanza kuyumba taratibu, kushoto, kulia.

"...ni ile itiririkayo," akaghani, sauti imekwaruza lakini haikukosea, "mchana na usiku, ukila na ukifunga, mwili usikose haki yake."

"Sahihi. Swali la pili. Uwiano wa wanga ni nini?"

Nikapiga sinia. "Uwiano wa wanga..."

"...ni gramu ngapi za chakula, zichukuliwazo na yuniti moja, kila mtu na wake, usiazime wa jirani."

"Sahihi. Swali la tatu. Insulini iliyobaki mwilini ni nini?"

Nilipiga huku machozi yananitoka kwa ghadhabu.

"Insulini iliyobaki mwilini," kaka akaimba, jasho linamdondoka kidevuni, "ni ile uliyokwisha kujipa, ambayo kazi yake haijaisha, usiongeze juu yake bila kuihesabu."

Alikuwa analiimba jina la kitu kinachomuua, na jina hilo halikuwa na maana zaidi kwake kuliko wimbo wa kuruka kamba.

"Uelewa umethibitishwa," ikasema pampu. "Hongera, ndugu mtumiaji. Je, unasitisha dozi iliyotandazwa?"

Nikamtikisa bega. Na lile neno lake la mazoea, lile lililotuingiza humo, likamtoka bila yeye kuwepo.

"Nathibitisha."

Nikamshika taya. Mzee Kasanda, bila kuambiwa, akamshika mikono. Tukampaka asali kwenye fizi mpaka akaanza kulamba mwenyewe, kisha akamezeshwa maji ya sukari kidogo kidogo, na dunia ikamrudia polepole. Alipofumbua macho vizuri alimwona mkwe wake mtarajiwa, Mzee Kasanda, amempakata mikono, asali kila mahali.

"Mmenawa?" akauliza.

4

Kituo kilipiga simu kabla sijamaliza kuosha vyombo. Kila dharura ikitokea, mdhamini huhojiwa. Alikuwa afisa wa kike, sauti ya mtu aliyechoka tangu asubuhi, na mwanzoni nilimhurumia.

Nilimweleza habari ya sinia. Nilimweleza mkono wa mwenyeji, nyama zinavyosukumwa, watu watano.

"Bi. Siwema, sinia ni chombo?"

"Ni chombo."

"Naye alikula kwenye chombo kimoja?"

"Chombo kimoja cha watu watano!"

"Kwenye mfumo, chombo ni cha mtumiaji. Sahani, bakuli, sufuria, sinia. Mtu akikiri chombo kimoja kimekwisha, basi kimekwisha."

"Dada, wewe ni mtu wa wapi?"

"Urambo."

"Urambo hamli sinia?"

"Tunakula," akasema, na akashusha sauti. "Dada yangu, najua. Lakini sikiliza vizuri, kwa sababu nina swali moja tu la kukuuliza, na jibu ni ndiyo au hapana. Je, mtumiaji alielewa alichokithibitisha? Ukisema ndiyo, basi mtu mwelewa amedhurika, na kosa ni la mfumo. Watalazimika kulifungua upya suala la sinia, na kaka yako atabaki na ufunguo wake. Rekodi inaonyesha ameghani istilahi zote tatu akiwa na sukari mbili nukta sita. Hakuna atakayekubishia. Ukisema hapana, kosa ni la mtumiaji. Mfumo hauna hatia, na yeye anakuwa mtunzwa mpaka afanye mtihani upya, baada ya masika."

Sasa niambieni. Yaani ili wakubali kwamba mashine yao haijui sinia ni nini, lazima mimi niape kwamba kaka yangu anajua insulini ni nini. Uongo mmoja, na masinia yote ya nchi yangehesabiwa vizuri. Kwa kusema ndiyo ningewaokoa watu nisiowajua, na kaka angenipenda. Nilimwona kupitia dirishani, ameketi uani amejifunika shuka, anamwambia Zamda kwamba keshokutwa anakwenda porini, maana asali imeiva na hataki kusikia la mtu.

Keshokutwa. Peke yake, na ile "nathibitisha" yake mdomoni. Huko hakuna sinia wala dada. Nani angempigia mapigo?

"Bi. Siwema? Ndiyo au hapana?"

"Hakuelewa," nikasema. "Na nyinyi hamkuelewa. Andika yote mawili."

"Naruhusiwa kuandika moja."

Niliyasema matusi ambayo sitayarudia hapa. Afisa alinisubiri nimalize. Nadhani aliyapenda baadhi.

"Hapana," nikasema.

Kule uani, tumboni mwa kaka, ile sauti ikalia kengele ndogo. "Ndugu mtunzwa," ikasema, "karibu chini ya uangalizi wa Kituo. Tafadhali usitoke eneo la mnara."

Kaka hakupiga kelele. Alinitazama kupitia dirishani, akaitazama simu mkononi mwangu, akaelewa. Hilo alilielewa mara moja, bila mahadhi.

"Umeniuza," akasema.

5

Hakusema nami. Alikula chakula changu, akalala nyumbani kwangu, akaswali kwenye mkeka wangu, na salamu akampa paka. Mizinga ilirinwa na wengine. Ndoo za asali zilipoletwa, alizifunua moja baada ya nyingine, akanusa, akamwambia Zamda, niko palepale, "Wamefukiza moshi mwingi mno. Mwambie mama yako asali imeharibika." Iliniuma. Najua pori ni nini kwake. Nilimwona akiketi mlangoni akiangalia upande wa Sikonge kama mjane. Na bado kila nilipojiuliza ningejibuje tena, nilijibu vilevile, kisha nikakasirika upya.

Posa ilikubaliwa, ikiwa mnataka kujua. Mzee Kasanda alisema hajawahi kuona ukoo unaopigana hivyo ili mtu wao asife, na akaomba radhi kwa sehemu yake ya wanga.

Ama habari ya sinia, niliianzisha vita yangu mwenyewe. Mimi nina ufunguo, na mimi ni mwelewa, wameniandikia hivyo. Kwa hiyo kila jioni nikimaliza kula, naiambia pampu yangu nimekula sinia moja la pilau, limekwisha. Inanipigia hesabu kwa uwiano wangu: yuniti arobaini na mbili, unathibitisha? Sithibitishi. Inaniuliza sababu. Naieleza: sinia ni la watu wengi. Inasema maelezo yamepokelewa na yatapelekwa Kituo. Kesho yake naanza upya. Mtu mwelewa hapingwi na mashine. Basi wataisoma habari ya sinia mpaka waote sinia usingizini. Yule dada wa Urambo alinipigia mara moja, nje ya kazi, akasema tu, "Endelea."

Jioni moja, kabla ubishi huo haujaanza, nilikuwa napakua wali kwenye sinia la nyumbani, letu mimi na Zamda, na fungu la kaka nikiwa nimelitenga sahanini kwa sababu mtu asiyesema nawe huwezi kula naye sinia moja. Akaja. Akaisukuma sahani pembeni, akaketi mbele ya sinia, akanawa. Kisha kwa ukingo wa kiganja akakata mstari kwenye wali, hapa na hapa, akajitengea pembe yake.

"Hili langu," akasema. Sauti ilikuwa kavu kwa kukaa bila kutumika nami. "Ni gramu ngapi?"

Nilitazama. "Sabini. Pungufu kidogo."

"Yuniti saba."

"Saba."

Akaiangalia ile pembe muda mrefu. Niliona midomo inamchezacheza, nikadhani ataanza kughani, nikajiandaa kumpiga na mwiko. Hakughani. Alizungusha kidole hewani juu ya wali uliobaki, juu ya fungu langu na la Zamda na pale ambapo Mzee Kasanda angekaa, na ndugu zake, na uso wake ukabadilika kama wa mtu aliyehesabu ndoo akakuta zimepungua.

"Sasa Siwema," akasema, "mbona siku ile iliniambia thelathini na nane?"

Niliuweka mwiko chini.

"Ndugu mtunzwa," pampu yake ikaingilia kwa uchangamfu, "swali hilo halimo katika mtihani."

"Nyamaza!" tukaiambia wote wawili.